Programu ya ramani inapokwepa kona za milimani: dalili, sababu na tiba

Anayetoka Tanga kwenda Moshi akiiuliza simu njia, ataambiwa anyooshe: Muheza, Segera, Korogwe, Mombo, Same, Mwanga. Pale Mombo ukuta wa Usambara umesimama mkono wa kulia, na barabara ya Lushoto inapanda humo kupitia Soni, kilomita zipatazo 33 za lami inayojikunja juu ya bonde. Simu haiitaji kabisa, na si kwamba imeharibika. Uliiuliza njia ya kufika, ikakujibu njia ya kufika, na wewe moyoni ulitaka njia ya kupita.

Matatizo mengi ninayoletewa na watu wanaopanga safari za kona na mandhari yanaanzia hapo, ingawa kila mmoja huyaeleza kwa namna yake. Nimeyapanga kwa dalili. Chini ya kila dalili sababu inayotokea sana imetangulia, na jaribio jepesi limewekwa kabla ya kazi kubwa. Mifano mingi ni ya Usambara kwa kuwa ndiko ninakozunguka. Marekebisho yote yafanywe gari likiwa limesimama, au yafanywe na aliyekaa kiti cha abiria.

Kila nikiweka mwisho wa safari, inanirudisha barabara kuu

Sababu ya kwanza ni muda. Programu za kawaida hutafuta njia itakayokufikisha mapema. Ukiandika Eldoret hadi Nakuru utapewa Burnt Forest na Timboroa. Ile njia ya Iten, inayodondoka Tambach hadi chini kwenye Bonde la Kerio, ikapanda tena Kabarnet na kuteremkia Marigat, haitakuja yenyewe kwa sababu inakula saa nyingi zaidi. Ongeza vituo vya kati. Kwa safari hii vitatu vinatosha: Iten, Kabarnet na Marigat. Usianze na kumi. Kila kituo kikae mbele kidogo ya pale njia mbili zinapoachana, ili programu isibaki na pa kuchepukia.

Sababu ya pili ni kipengele cha "epuka barabara kuu". Wengi hukiwasha wakidhani kitawapeleka milimani. Kililenga barabara za mwendo kasi zenye njia nyingi, na barabara yetu ya Segera kwenda Moshi, njia moja kwenda na moja kurudi, mara nyingi haiguswi nacho. Baya zaidi ni pale kinapofanya kazi kupita kiasi na kukutoa kwenye lami nzuri ya kupanda mlima. Kizime, utegemee vituo vyako.

Ya tatu hutokea ukiwa tayari njiani: programu inapata njia ya haraka zaidi na kukuhamishia huko usipoikatalia. Dawa ninayoiamini ni kuikata safari vipande. Anzisha Mombo hadi Soni. Ukifika Soni, pumua, kunywa chai, kisha anzisha Soni hadi Lushoto. Kipande kifupi hakina njia mbadala ya kukushawishi.

Sababu ya nadra ni barabara iliyokatika kwenye ramani yenyewe, ingawa ardhini ni nzima. Weka pini mbili zilizo karibu karibu, moja huku na moja kule. Ikiwa njia inazunguka kilomita nyingi kuziunganisha, pana pengo hapo. Kama ramani yako inatokana na OpenStreetMap, ambayo tangu 2004 huchorwa na watu wa kujitolea duniani kote, pengo hilo unaweza kuliziba mwenyewe kwa akaunti ya bure. Nakusihi ulizibe, kwa sababu anayekuja nyuma yako atalikuta.

Inaniambia "geuza gari" katikati ya safari

Karibu kila mara pini haiko juu ya barabara. Jirani yangu aliweka kituo Soni ili apite karibu na maporomoko ya maji. Aligusa jina la mji kwenye ramani, na nukta ikakaa ng'ambo ya mto. Programu ikatafuta njia yoyote iliyo karibu na nukta ile, ikampeleka mdomoni mwa kinjia cha migombani, ikamwambia amefika, halafu ikamtaka ageuze arudi. Tulikaa kibarazani tukaikuza ramani hadi kingo zote mbili za lami zikaonekana, tukaisogeza pini kwa ncha ya kidole mpaka ikakaa katikati ya lami, mbele ya mji kidogo. Njia ikanyooka, na lile jino lililokuwa limechomoza pembeni ya mstari likapotea. Hilo jino ndilo la kulitafuta kabla hujaondoka: kuza ramani, fuata mstari wote polepole kwa macho, na popote unapoona mstari umetoka na kujirudia, pini ya hapo imekaa vibaya.

Sababu ya pili: programu nyingine hutofautisha kituo cha kusimama na alama ya kupitia tu. Kituo cha kusimama lazima ukiguse ndipo ikuruhusu kuendelea. Zile za maeneo ya kutazama mandhari ziache ziwe vituo, nyingine zote zigeuze kuwa alama za kupitia.

Ya tatu: umekiruka kituo makusudi, labda pamejaa magari, nayo inakung'ang'ania urudi. Tafuta kitufe cha kuruka kituo, au kifute.

Onyo: sauti ikisema geuza, usigeuze kwenye kona wala kwenye mteremko. Malori ya mboga yanashuka kutoka Lushoto yakiwa mazito, na dereva wake hakuoni hadi amekufikia. Endelea mbele hadi penye uwanja au penye duka.

Njia niliyochora kwenye kompyuta si ile inayoonekana kwenye simu

Hapa chanzo kikubwa ni faili la GPX, yaani faili la kuhamishia njia kutoka programu moja kwenda nyingine, kutoeleweka. Faili hilo linaweza kubeba vitu viwili tofauti: mstari kamili wenye mamia ya nukta zilizoshikana, au orodha fupi ya vituo ambavyo simu itaviunganisha kwa akili yake. Ukituma orodha, simu itakokotoa upya na kukuletea njia inayoipenda yenyewe. Ukituma mstari, utabaki kama ulivyouchora. Kwa safari ya kona tuma mstari, kisha kwenye simu chagua kuufuata bila kukokotoa upya. Programu ya ramani iitwayo OsmAnd ina uwezo huo na inafanya kazi bila mtandao.

Kama faili ni sahihi na bado njia zinatofautiana, linganisha mipangilio. Mara nyingi kompyuta imeruhusu barabara za vumbi na simu imezikataza, au kompyuta imepanga kwa pikipiki na simu kwa gari. La mwisho ni ramani ya simu kuwa ya zamani. Ipakue upya.

Programu maalumu ya kutafuta kona imenitupa vichochoroni

Zipo programu zilizotengenezwa hasa kwa ajili ya kona, kama Kurviger na calimoto, zote za Ujerumani na zilizoanza kwa kuwalenga waendesha pikipiki. Zinapima jinsi mstari wa barabara unavyopinda na kukupa ule unaopinda zaidi. Kule milimani Ulaya, kanjia kadogo ka kijijini huwa na lami. Usambara kanjia kadogo kanaweza kuwa ka punda na wachuuzi wa viazi, na kamepinda kuliko barabara zote.

Jaribio la kwanza ni kushusha kiwango cha kona. Chagua cha kati, usichague cha juu kabisa. La pili ni kukataza barabara zisizo na lami, kisha uzifungulie moja moja kwa pini pale unapozifahamu. La tatu linachukua muda lakini linalipa: fungua picha ya setilaiti, ufuate mstari. Barabara ya gari ina nyayo mbili au upana unaoonekana, na ina nyumba zilizoielekea. Njia ya miguu inapotelea chini ya miti.

Jambo moja programu hizi haziwezi kulijua ni mandhari. Kona zinapimika kwa hesabu, ila hesabu haioni kama pembeni mwa kona pana ukuta wa udongo au bonde lililofunguka hadi nyika ya Mkomazi. Maeneo ya kutazama yatafute kwanza, Irente kwa mfano, kilomita chache tu kutoka Lushoto mjini, ambako mwamba unaishia ghafla na Mazinde iko chini kama imetandikwa kwenye mkeka. Ukishayapata hayo, ndipo uiachie programu ikuunganishie.

Muda inaonitajia hautimii

Hili ndilo linalowalaza watu njiani, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo.

Makadirio ya programu hutegemea aina ya barabara na, penye watumiaji wengi, mwendo wa simu za wengine waliopita. Kwenye barabara ndogo za milimani simu hizo ni chache, na programu hubaki na kubahatisha. Halafu haikuhesabii kusimama, na safari ya mandhari ni kusimama.

Mimi hupiga hesabu yangu kwa mkono. Lami ya milimani naipa kilomita 30 kwa saa. Barabara ya vumbi ya mlimani wakati wa kiangazi naipa 20. Vumbi lililonyeshewa naipa 10, na mara nyingi siendi. Lushoto hadi Mtae ni kama kilomita 60, kwa hiyo saa 3 kwenda na saa 3 kurudi, na hapo bado hujashuka garini. Anayetoka Lushoto saa 5 asubuhi akidhani atarudi kwa chakula cha jioni atarudi gizani, katika ukungu wa msitu wa Magamba, kwenye kona asizoziona.

Jua la kwetu linazama kati ya saa 12 na saa 1 jioni mwaka mzima. Panga uwe umeshafika unakolala saa 11. Na kagua jambo dogo ambalo limewaponza watu ninaowafahamu: simu ikiandika utafika 7:30, soma vizuri kama ni ya asubuhi au ya jioni, kisha igeuze kuwa saa ya Kiswahili kabla hujamwambia mwenyeji wako. Saa 7 na nusu na saa 1 na nusu zimetenganishwa na mlo mzima.

Ukiona saa ya kufika inasogea mbele kila unapoiangalia, acha kuikimbiza. Fupisha safari.

Mtandao ukikata, ramani inakuwa nyeupe

Kwanza, hukuipakua ramani. Kupakua ni kabla ya kuondoka, kwa waifai ya nyumbani. Pakua eneo kubwa kuliko safari, yaani Korogwe hadi Same pamoja na milima yote, kwa kuwa ukipotea utapotelea nje ya mstari. Kisha ijaribu: washa hali ya ndegeni ukiwa sebuleni, uombe njia ya Mombo kwenda Mtae. Ikikupa, uko salama. Isipokupa, umegundua ukiwa bado una mtandao.

Pili, umepakua lakini muda wa ramani umepita. Ramani za Google za nje ya mtandao huisha muda na hutaka kusasishwa. Tena zikiwa nje ya mtandao hazikupi foleni wala njia mbadala. Ndiyo maana napendelea kuwa na programu mbili, ya pili ikiwa Organic Maps au OsmAnd, ambazo ramani yote inakaa ndani ya simu.

Tatu, ramani ipo ila nukta ya bluu haionekani. Wengi hudhani jipiesi (GPS), yaani kipimo cha simu cha mahali ulipo, inatumia bando. Haitumii, inasikiliza setilaiti moja kwa moja. Intaneti huisaidia tu kuzipata haraka. Simu iliyozimwa usiku kucha na kuwashwa mahali pasipo na mtandao inaweza kuchukua dakika kadhaa. Shuka garini, simama pa wazi mbali na ukuta wa mlima, subiri bila kuizima na kuiwasha.

Nukta inarukia kona nyingine, au sauti inachelewa

Kwenye kona za kujikunja barabara inapita juu, kisha inarudi ikipita chini yake mwenyewe, mita chache tu zikiwa katikati. Jipiesi ya simu pa wazi hukosea mita kadhaa, na chini ya jabali au miti minene hukosea zaidi, kwani mawimbi ya setilaiti yanagonga mwamba kabla ya kufika. Programu inabaki kukisia uko ngazi ipi. Hilo halina tiba kamili, lakini linapungua.

Anza na mahali simu ilipo. Ikiwa mfukoni au chini karibu na gia, ipandishe kwenye kishikio penye kioo cha mbele, isizuie unapotazama. Baadaye kagua ruhusa: programu ipewe mahali kamili, si pa kukadiria. Kisha zima hali ya kuokoa betri, ambayo hupunguza mara ngapi simu inajipima. Kava lenye sumaku huvuruga dira, kwa hiyo mshale ukielekea nyuma, livue.

Dereva akiwa kwenye kona asisubiri sauti. Vibao na kioo cha duara pembeni ya barabara vitangulie, honi ipigwe kabla ya kona kipofu, na simu iwe mtu wa tatu. Ikiwa abiria hana uhakika wa njia panda inayofuata, simameni kabla yake.

Ramani inaonyesha barabara, mbele hakuna barabara

Sababu ya kawaida ni mvua. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba, na udongo mwekundu wa Usambara ukilowa huteleza kama sabuni. Ramani haijui. Maporomoko ya udongo ya juzi usiku haiyajui kabisa.

Mwaka mmoja simu yetu ilitupa njia ya kushuka kutoka Mlalo kwenda Mng'aro, fupi na ya kupendeza kwenye kioo. Pale Lukozi nikashuka kununua karoti.

"Shikamoo mzee. Njia ya Mng'aro inapitika?"

"Marahaba mwanangu. Gari lenu ni lipi?" Akalitazama, akainama akapitisha kiganja chini ya bampa, vidole vinne tu. "Hili litakalia tumbo. Rudini Lushoto."

Tulirudi. Kiganja chake kilitusaidia kuliko picha ya setilaiti, na tangu siku hiyo sipiti njia ya vumbi nisiyoijua kabla sijauliza watu wawili: dereva wa bodaboda na dereva wa lori. Uliza swali lenye jibu. Usiseme "barabara nzuri?" maana utaambiwa nzuri ili usivunjike moyo. Uliza, "Leo limepita gari dogo kama hili?"

Sababu ya pili ni barabara iliyochorwa kwa kukisia kutoka angani: ni njia ya miguu, imeandikwa ya magari. Ya tatu ni daraja lililobomoka au geti la shamba la chai au mkonge. Geti likiwa limefungwa, geuza kwa adabu. Ni mali ya watu.

Onyo: maji yakipita juu ya barabara, usiingie kwa sababu gari la mbele limepita. Sentimita 30 tu za maji yanayokwenda kasi zinaweza kuliinua gari dogo na kulihamisha. Subiri yapungue au urudi. Ukikuta udongo umeporomoka, usipite juu yake, maana uliobaki juu bado unasubiri. Rudi nyuma hadi penye watu, uwaarifu, nao watawazuia wengine.

Simu inachemka na kuzima

Jua la kioo cha mbele, chaji na kioo cha simu kilichowashwa saa nzima vinakutana. Ishushe kwenye kivuli au mbele ya tundu la AC, punguza mwanga, acha sauti peke yake iongoze. Usiiweke kwenye barafu. Kama ni chaji haiingii, badilisha waya kabla hujalaumu kitu kingine. Beba pawabenki, na uandike majina ya vijiji kwa mpangilio kwenye karatasi.

Programu iko sawa, lakini gari linanuka

Hii si dalili ya ramani, ila inatokana na ramani, kwa sababu njia ya kona uliyoipanga kwa furaha ina mteremko ambao mstari wa bluu hauonyeshi. Mombo iko kama mita 400 juu ya bahari, Lushoto karibu 1,400. Mita 1,000 hizo zote zinashukwa.

Harufu ya kuungua wakati wa kushuka kwa kawaida ni breki zilizokanyagwa mfululizo. Shuka kwa gia ile ile ambayo ungepandia. Gari la otomatiki lipeleke kwenye L au 2. Kanyaga breki kwa nguvu kwa muda mfupi, achia, rudia, usiburuze. Harufu ikiendelea, egesha penye tambarare, weka jiwe kwenye tairi, acha zipoe zenyewe nusu saa. Usimwagie maji. Ukiondoka, liondoe jiwe barabarani.

Pedali ikizama hadi chini, au moshi ukitoka gurudumuni, safari imeishia hapo hata kama baada ya kupoa inaonekana imerudi. Abiria washuke, wasimame nje ya barabara, mbali na mkondo wa magari. Weka pembetatu, na majani nyuma yake kwa mbali ili wanaoshuka waone mapema. Ita fundi kutoka Mombo au Lushoto, kokote kulikokaribu. Akiwepo majeruhi, 112. Kona hazina majina, kwa hiyo bonyeza nukta ya bluu kwenye ramani uishikilie hadi zitokee namba mbili ndefu, uzitume kwa ujumbe wa kawaida wa simu. Ujumbe huo hupenya hata pale ambapo intaneti imekufa, na fundi akizibandika kwenye ramani yake atakuja moja kwa moja hadi kwenye kona mliyosimama.